Gari likikataa kuwaka asubuhi ya baridi, lipia vipimo kabla ya spea

Msimu wa baridi hapa Kenya, yaani Juni hadi Agosti, una kelele zake. Ukiishi Limuru, Kinangop, Nyahururu, Eldoret au hata Nairobi, utasikia alfajiri stata ya jirani ikilia na kulia bila injini kushika. Ikifika saa nne jua limetoka, gari lile lile linawaka mara moja kana kwamba halikuwa na neno. Jioni mwenye gari anapewa dawa na kila anayekutana naye. Huyu anasema betri, yule plagi, mwingine pampu ya mafuta, na wa mwisho anamwambia auze tu.

Maoni yangu nayaweka mbele mapema, ili kama hukubaliani nami usipoteze muda. Tatizo hili linamaliza pesa za watu kwa sababu tumezoea kulipia spea na hatujazoea kulipia utambuzi. Fundi akikaa saa nzima anapima halafu asibadilishe kitu, tunaona hajafanya kazi. Akifunga betri mpya kwa dakika kumi, tunatoa pochi bila kunung'unika. Basi tunapata kile tunacholipia: spea nyingi, na gari ambalo bado haliwaki.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si ufundi wa magari. Lakini hitilafu ni hitilafu. Programu ikianguka kila siku saa nane usiku, hakuna mhandisi mwenye akili zake anayeanza kwa kununua seva mpya. Anatafuta kwanza kinachotokea saa nane usiku. Gari la zamani linalosumbua wakati wa baridi tu ni hitilafu ya aina hiyo hiyo, na tena lina ukarimu: limeshakuambia lenyewe kuwa siri iko kwenye baridi.

Ugonjwa ambao daktari haoni

Fikiria jinsi tunavyolipeleka gari garaji. Saa kumi na mbili asubuhi linakusumbua robo saa nzima. Hatimaye linawaka. Unaendesha nusu saa mpaka kwa fundi, unafika saa mbili. Fundi anakwambia, "Washa nisikie." Unawasha, linashika hapo hapo, kwa sababu injini sasa ni ya moto. Fundi anatingisha kichwa: "Mzee, mbona liko sawa?"

Huyo fundi hana makosa. Ameletewa mgonjwa aliyepona njiani. Injini iliyotembea huchukua saa nyingi kupoa kabisa, kwa hiyo hata ukimwachia mpaka adhuhuri bado hataona ulichokiona alfajiri. Na kwa kuwa hajaona, hana la kufanya ila kukisia, na kisio likifanywa garajini huwa na bei ya spea.

Katika programu tuna kanuni moja ambayo kila kijana anayeanza kazi hufundishwa: kama huwezi kuirudia hitilafu, huwezi kudai kwamba umeitengeneza. Kwa gari, kuirudia kuna njia mbili tu. Ama gari lilale kwa fundi na yeye ndiye aliwashe mara ya kwanza asubuhi, ama fundi aje kwako kabla hujaligusa. Zote mbili zina gharama yake, na hiyo ndiyo gharama ninayosema tuilipe. Ulinganishe usafiri wa fundi kutoka mjini hadi kwako alfajiri na bei ya pampu ya mafuta ambayo haikuwa na kosa.

Njia ya tatu ni wewe mwenyewe kuwa shahidi. Wewe ndiye mtu pekee anayekuwepo kila asubuhi. Chukua daftari.

Baridi inafanya nini hasa

Kabla ya daftari, tuelewane kuhusu kinachobadilika usiku. Ni mambo matatu.

La kwanza ni betri. Ndani ya betri umeme unatoka kwenye mmenyuko wa kikemia, na baridi huuchelewesha. Betri ile ile inatoa nguvu kidogo zaidi asubuhi kuliko mchana. Hii ndiyo sababu watengenezaji huandika kwenye betri kipimo cha nguvu ya kuwashia kwenye baridi, ambacho hupimwa kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Limuru haifiki huko hata kwa ndoto, kwa hiyo betri nzima haina sababu ya kushindwa na Julai yetu. Betri iliyochoka ndiyo inayoumbuka.

La pili ni oili. Ikipoa inakuwa nzito, na stata inafanya kazi zaidi kuizungusha injini. Magari mengi ya zamani hapa kwetu yanatiliwa 20W-50. Ile namba ya kabla ya W inahusu tabia ya oili kwenye baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyobaki nyepesi asubuhi. Hata hivyo oili ya 20W hupimwa uzito wake wa kuwashia kwenye nyuzijoto 15 chini ya sifuri. Kwa hiyo asubuhi ya nyuzijoto 8 inaweza kuichosha stata dhaifu, lakini peke yake haizuii injini nzima isishike.

La tatu ndilo muhimu zaidi kwa hadithi yangu: petroli. Injini haichomi petroli ya majimaji, inachoma mvuke wake. Kwenye baridi mvuke ni mchache, na sehemu ya petroli inaganda kwenye kuta za chuma baridi kabla ya kufika inakotakiwa. Injini iliyopata moto inaridhika na kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini baridi inataka petroli nyingi zaidi ya hapo ili angalau ipate mvuke wa kutosha kushika moto.

Zamani za kabureta kazi hiyo ilifanywa na choki. Ulikuwa unaivuta kwa mkono, gari likipata moto unairudisha. Kwenye magari ya sindano za petroli choki haipo. Imekuwa programu. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamua petroli iongezwe kiasi gani, na inaamua kwa kumuuliza shahidi mmoja mdogo aliyechomekwa kwenye njia ya maji ya rejeta: sensa ya joto la maji. Mkumbuke huyo shahidi, tutarudi kwake.

Sauti kwanza, pochi baadaye

Kipimo cha kwanza ni bure. Sikiliza. Je, stata inazunguka polepole, kwa kujivuta, kama mtu anayepanda mlima na gunia? Au inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, ila injini haishiki?

Swali hili moja linaigawa kazi nusu kwa nusu, na inashangaza ni mara ngapi linarukwa. Ikiwa stata inajivuta, uko kwenye upande wa umeme na oili: betri, nyaya, stata yenyewe. Ikiwa stata iko sawa na injini haishiki, uko kwenye petroli, hewa au cheche. Mtu anayenunua betri mpya wakati stata inazunguka vizuri ametupa pesa, na hakuhitaji kifaa chochote kulijua hilo ila masikio.

Kipimo cha pili kinataka multimita. Ya bei nafuu inatosha, Luthuli Avenue zimejaa. Asubuhi kabla ya kufungua hata mlango, pima betri ikiwa imelala. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikiwa 12.0 au chini, betri ni karibu tupu, na hapo usikimbilie kuilaumu: huenda altaneta haijazi, au kuna kitu kinachonyonya umeme usiku kucha. Kisha mtu mwingine apige stata huku ukiangalia, handibreki juu, gia huru, mikono mbali na mikanda. Volti zikibaki juu ya 9.6 au hivi, betri inafanya kazi yake. Zikianguka chini ya hapo, una ushahidi.

Kipimo cha tatu watu wengi hawakijui, nacho kimeokoa betri nyingi. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, halafu mtu apige stata. Kwa nadharia sehemu hizo mbili ni kitu kimoja, kwa hiyo unatarajia namba iliyo karibu na sifuri. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa athi umeoza au umelegea, na nguvu ya betri inapotea njiani. Hapo dawa ni spana, msasa, na pengine waya mpya. Unaweza kubadilisha betri tatu kwenye gari la namna hiyo na zote zitaonekana mbovu.

Sasa daftari

Nitoe mfano wa gari langu, la Kijapani, la mwaka 1997. Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, kwa hiyo magari kama hili yaliingia zamani na leo yanakaribia miaka 30. Yako mengi barabarani, na hayaendi popote karibuni.

Julai 2024 lilianza kuwa gumu alfajiri. Niliandika asubuhi kadhaa mfululizo: joto la nje, volti za betri wakati wa stata, na sekunde za stata mpaka injini ishike. Haya ndiyo yaliyotoka, kwa ufupi:

Nyuzijoto 15: sekunde 2.
Nyuzijoto 12: sekunde 4.
Nyuzijoto 10: sekunde 7.
Nyuzijoto 9: sekunde 8 hadi 9.

Volti wakati wa stata, siku zote hizo, zilikuwa kati ya 10.3 na 10.6.

Mistari hiyo michache inasema mengi. Volti hazikuyumba, kwa hiyo betri, nyaya na stata zilitoka kwenye orodha ya washukiwa siku hiyo hiyo. Ugumu nao ulifuata joto hatua kwa hatua. Kitu kilichokatika huwa hakifuati namba namna hiyo. Kinakuwepo au hakipo. Hapa kulikuwa na kitu kinachofanya kazi, ila kinafanya vibaya kadiri baridi inavyozidi. Na kitu ambacho kazi yake ni kufuata baridi ndiyo ile sensa.

Kompyuta inadanganywaje

Sensa ya joto la maji ni kitu rahisi sana. Ni rezista inayobadilika kwa joto: ikipoa ukinzani unapanda, ikipata moto unashuka. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo, nyuzijoto 20 ni kama kilo-om 2 hadi 3, na nyuzijoto 80 ni kama 0.2 hadi 0.4. Kompyuta inapeleka volti 5 kupitia rezista yake ya ndani, inasoma volti zinazobaki, na kutoka hapo inahesabu joto. Hakuna zaidi. Haina njia nyingine ya kujua kama injini ni baridi.

Asubuhi ya nyuzijoto 9 niliichomoa plagi ya sensa na kupima. Nilitarajia kitu kinachokaribia kilo-om 4. Nilipata 1.1. Ukifuata jedwali la sensa za aina hiyo, 1.1 ni nyuzijoto 40 hivi. Kwa maneno mengine, injini iliyolala nje usiku mzima, kompyuta ilikuwa ikiambiwa kuwa ina joto kama gari lililozimwa muda si mrefu. Kompyuta ikatii, ikatoa petroli ya injini yenye joto. Haikukosea popote. Ilifanya hesabu sahihi kwa data ya uongo.

Hapa ndipo fundi wengi, na wenye magari pia, wangesema: basi nunua sensa. Mimi nasema bado. Namba moja ni shuku, na shuku inataka kujaribiwa. Sisi watu wa programu tukitaka kujua kama tatizo liko kwenye data au kwenye mashine, tunaipa mashine data tuliyotengeneza wenyewe. Gari linaruhusu jambo hilo hilo. Nilinunua rezista ya kilo-om 3.9, kitu cha shilingi chache, nikaichomeka kwenye plagi badala ya sensa. Kwa kompyuta, hiyo ni nyuzijoto 10 au hivi.

Asubuhi ya kwanza na rezista: injini ilishika kwa sekunde 2. Asubuhi ya pili niliirudisha sensa ya zamani: sekunde 8. Asubuhi ya tatu rezista tena: sekunde 2. Hapo ndipo nilipokwenda kununua sensa, na nilikwenda nikiwa najua, si nikiwa natumaini.

(Tahadhari kwa atakayejaribu: rezista itoke mara tu baada ya jaribio. Ukiendesha nayo, kompyuta itadhani injini haipati moto kamwe na itazidisha petroli safari nzima.)

Kuna jambo moja linalowapoteza watu hapa. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa sawa siku zote. Lakini kwenye magari mengi ya miaka hiyo mshale una sensa yake ya waya mmoja, na kompyuta ina sensa yake nyingine ya nyaya mbili. Ni mashahidi wawili tofauti. Mmoja kusema kweli hakumfanyi mwenzake awe mkweli.

"Lakini mbona mashine haikuonyesha?"

Hili ndilo swali la zama zetu. Watu wanaamini kwamba siku hizi utambuzi ni kuchomeka kifaa, kusoma msimbo, kununua kilichoandikwa. Sina ugomvi na vifaa hivyo, ninacho kimoja. Nina ugomvi na imani.

Kwanza, kifaa chenyewe huenda kisizungumze na gari lako. Vile vidude vya ELM327 vya bluetooth vinaelewa OBD-II, mfumo uliokuwa wa lazima Marekani kwa magari kuanzia modeli za 1996. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo hayakuwa chini ya sheria hiyo. Mengi yana mfumo wa zamani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, kwa mfano, unafungua kile kiboksi cha utambuzi chini ya boneti, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka ufunguo kwenye ON, kisha unahesabu taa ya injini ikipepesa. Mipepeso miwili, kituo, mipepeso miwili: msimbo 22, sensa ya joto la maji. Hicho ndicho kiunganishi chako, waya na macho.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, msimbo 22 unamaanisha nini hasa? Unamaanisha kompyuta imeona volti zisizowezekana: waya umekatika au umegusana. Kompyuta ya miaka hiyo inakagua kama jibu linawezekana. Haikagui kama jibu ni kweli. Sensa inayosema nyuzijoto 40 alfajiri ya nyuzijoto 9 imetoa jibu linalowezekana kabisa, kwa hiyo hakuna taa, hakuna msimbo, hakuna kitu. Wenzangu wa programu mtaitambua hali hii: fomu inakagua kwamba umri ni namba, haikagui kwamba mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuwa na miaka 40.

Hata pale msimbo unapokuwepo, unataja saketi, hautaji spea. Msimbo 22 unaweza kuwa sensa, plagi yenye kutu, waya uliotafunwa na panya, au kompyuta yenyewe. Na kuna kioja: waya ukikatika kabisa, Toyota za mfumo huo zinaweka thamani ya akiba, nyuzijoto 80, ili gari liendelee kutembea. Ni uamuzi wa busara kwa mtu aliye njiani. Kwa mtu anayewasha gari Nyahururu alfajiri maana yake ni kwamba kompyuta inadhani injini inachemka.

Kwa hiyo mimi namchukulia msimbo kama shahidi mmoja. Anasikilizwa, halafu anaulizwa maswali.

Na kama sensa ni nzima?

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila gari gumu asubuhi lina sensa mbovu. Hiyo ingekuwa ni kukisia kule kule ninakokupinga. Njia ndiyo ninayoisema, na njia ina matawi mengine.

Jaribu kuwasha huku umekanyaga mafuta kidogo sana. Likishika hapo hapo, shaka huenda kwenye hewa: ile valvu ya hewa ya silensa imejaa masizi, na mara nyingi inataka kusafishwa tu.

Kama tatizo linakuja kila gari likilala, iwe baridi au joto, fikiria presha ya petroli inayovuja usiku. Wengi wanapendekeza uweke ufunguo kwenye ON mara tatu kabla ya kupiga stata ili pampu ijaze. Kwa magari mengine ni jaribio zuri. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 halikuambii kitu, kwa sababu pampu haizunguki mpaka injini izungushwe. Hapo unaunganisha +B na FP kwenye kile kile kiboksi, pampu inazunguka, halafu ndipo unapiga stata. Likishika haraka kuliko kawaida, umepata mwelekeo.

Kama ni asubuhi za ukungu zaidi kuliko za baridi, angalia nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Fungua boneti gizani injini ikizunguka, uone kama kuna vicheche vinavyoruka pembeni. Giza nalo ni kifaa cha kupimia.

Hoja za upande wa pili

Rafiki zangu mafundi huniambia, "Wewe una muda wa kuchezea gari moja, mimi nina magari sita nje." Ni kweli. Na tena kisio la fundi mzoefu si bahati nasibu. Ameona mamia ya magari, anajua betri ndiyo huwa na kosa mara nyingi, kwa hiyo anaanza na betri. Sipingi aanze hapo. Ninachoomba ni kwamba kuanza hapo kuwe ni kuipima, au kuazima betri nzima ya gari lingine kwa jaribio la dakika tano, kabla ya kunituma Grogan na orodha.

Wengine husema vipimo navyo hudanganya. Hilo nalo ni kweli, na nitawapa mfano wa kwetu. Fundi anapima mgandamizo wa silinda ili kujua kama injini imechoka. Chukua injini inayosoma psi 180 Mombasa. Ipandishe hadi mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kama maeneo ya Limuru, ambako presha ya hewa ni kama asilimia 76 tu ya ile ya pwani. Injini hiyo hiyo itasoma karibu psi 138. Ukilinganisha na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, utaihukumu injini nzima kuwa imekufa na kumuuzia mtu injini nyingine. Kipimo kilikuwa sahihi. Msomaji ndiye hakuuliza kilipimwa wapi. Hii haitoi sababu ya kuacha kupima. Inaonyesha kwamba kusoma vipimo ni ujuzi, na ujuzi una thamani yake.

Basi hapo ndipo ninaporudi kwenye pochi. Mwaka huu baridi ikifika, mwambie fundi wako hivi: "Fundi, gari litalala kwako leo. Kesho asubuhi uliwashe wewe kabla halijaguswa. Nitakulipa muda wa kupima, hata kama hutabadilisha chochote. Ukishapata, unionyeshe namba, ndipo tununue." Mpe na daftari lako. Fundi hodari atafurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza analipwa kwa kile anachokijua, bila kulazimika kukuuzia kitu ili apate chakula cha watoto. Fundi asiyejua kupima atakuambia hayo ni maneno ya vitabuni, na jibu hilo nalo ni kipimo. Umemjua kabla hajalifungua gari.

Na wewe ukiwa na multimita ya kwako, usingoje Julai. Pima gari likiwa zima, andika namba zake za kawaida: betri ikiwa imelala, betri wakati wa stata, sensa ikiwa baridi. Siku litakapougua utakuwa na cha kulinganisha nacho. Waendesha seva wanalijua hili kwa machungu. Wenye magari ya zamani tunaweza kulijua kwa bei ya daftari.

Haya, mpaka siku nyingine. Kwa leo nendeni mkasikilize stata zenu.